Aliyeanzisha Kodi ya Barua Pepe

Kiazi cha kwanza kilimpata Subilaga Mwaipopo begani. Cha pili kilipasukia ukutani, karibu na bango la Idara ya Uvumi, kikatoa harufu ya kitu kilichooza siku nyingi ndani ya gunia. Hakukimbia. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba ukikimbia mbele ya watu wenye hasira wanakuona una hatia, na ukisimama wanakuona una kiburi. Akaendelea kutembea mwendo wake wa kila siku kuelekea lango.

"Tuambieni ukweli!" alipaza sauti mwanamke mmoja. "Kodi ya barua pepe ipo au haipo?"

"Haipo, mama," Subilaga akajibu.

"Mwongo mkubwa! Hata kodi ya maji ya mvua mlisema haipo!"

Hilo lilikuwa kweli. Subilaga akapita langoni. Chini ya ukuta aliketi mwanamume mwenye koti lililochanika kwapani, kibao chake cha barua kikiwa mapajani, kioo cheusi. Zamani alikuwa mwalimu. Alikuwa amezimwa. Sanduku lake la barua pepe lilifungwa kwa amri, na tangu siku hiyo hospitali haikumwita, soko halikumtambua, hata mlango wa chumba chake cha kupanga ulikataa kufunguka. Watu walimkwepa kama dimbwi. Kumwandikia barua mtu aliyezimwa, au kuandika kwa niaba yake, nako kulikuwa kosa.

Katika mji wa Ilongole, kama katika miji yote ya Shirikisho, hapakuwa na njia nyingine ya kufikiana ukiwa mbali. Simu za sauti zilikuwa zimezikwa kizazi kimoja nyuma, mitambo ya kughushi ilipofikia hatua ya mtoto kushindwa kuitofautisha sauti ya mama yake na ya tapeli. Kilichobaki cha kuaminika kilikuwa barua pepe, kila moja ikiwa na muhuri wa kiganja cha mwandishi ambao hakuna mtambo uliokuwa umeweza kuuiga. Kuita gari la wagonjwa ni barua. Kuuza debe la viazi ni barua. Kumwambia mtu umemkumbuka ni barua. Ndiyo maana neno kodi lilipotajwa, mji mzima ulishikwa kooni.

Mkurugenzi Kapinga alikuwa dirishani ofisini kwake, ameshika kikombe cha chai ambacho alikuwa amesahau kukinywa.

"Umewaona?"

"Wameniona wao," Subilaga akasema, akijipangusa bega.

"Baraza linataka jina. Kikao cha wazi ni Alhamisi. Mtu huyu, yeyote yule, amewafanya watu waache kuandikiana. Hospitali inaita wagonjwa, hawajibu. Wanaogopa kujibu! Kuna mama amejifungulia njiani juzi kwa sababu mumewe alidhani barua ya kuita gari itamfilisi. Mtoto hakupona." Akageuka. "Mbwa amefika wapi?"

"Amekaribia."

Mtambo wa Idara wa kufuatilia uvumi ulikuwa na jina refu la kiserikali, lakini wote waliofanya nao kazi waliuita Mbwa, kwa kuwa ulinusa nyayo kurudi nyuma. Chakula chake kilikuwa sentensi. Binadamu hawezi kurudia sentensi ya mwenzake bila kuichubua: mmoja hubadili "mwezi ujao" kuwa "karibuni", mwingine huongeza "nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa", wa tatu hukosea herufi na wote wanaopokea kwake hulirithi kosa hilo, kama watoto wanavyorithi mwanya wa baba yao. Mbwa alikusanya sura zote za uvumi mmoja, akazipanga kwa urithi wa makosa yake, mjukuu chini ya mtoto, mtoto chini ya mzazi, mpaka akaifikia sentensi ambayo haikurithi kosa la yeyote. Hiyo ndiyo mama yao. Njiani alipima pia mambo mawili: hofu ilivyopanda katika kila mtaa, na watu walivyobadili mwenendo baada ya kuogopa. Vipimo hivyo vilikwenda Hazina moja kwa moja, na Subilaga hakuwahi kuuliza vilifanyiwa nini huko.

Kabla ya chakula cha mchana, Mbwa alisimama. Sentensi ya kwanza ilitokea kwenye kioo, peke yake:

*Baba anasema kuanzia mwezi ujao serikali itatoza kodi kila barua pepe, kwa hiyo mpenzi usiniandikie mara kwa mara, yakusanye maneno yako uyatume yote kwa pamoja.*

Aliyeandika alikuwa Tusekile Mwasumbi, mpima mbegu katika maabara ya pareto. Aliyeandikiwa alikuwa Idrisa Kabwe, fundi wa mitambo ya kusafisha maji huko ziwani. Idrisa aliwaambia wenzake wa zamu, wenzake wakawaandikia wake zao, na kutoka hapo likawa moto wa nyika.

"Mapenzi," Kapinga akasema kwa dharau. "Tunapigwa viazi kwa sababu ya mapenzi."

"Ameandika 'Baba anasema'."

"Sheria ya Neno la Kwanza haimjui baba. Inamjua aliyeandika. Atazimwa mwaka mmoja. Mpelekee wito. Na huyo baba muulize alilitoa wapi, nisije nikaulizwa barazani nikabaki kinywa wazi."

*

Nyumba ya Mwasumbi ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, na mbele yake kibanda cha kutengenezea pampu za maji. Mwenyewe alikuwa ndani, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, ameinamia pampu iliyofunguliwa matumbo. Subilaga akapiga hodi.

"Kama umeleta pampu, ingia," Mwasumbi alisema bila kuinua kichwa. "Kama umeleta maneno, rudi nayo."

"Shikamoo, mzee. Natoka Idara ya Uvumi."

"Shikamoo ya Idara siipokei."

Msichana akatokea mlangoni mwa nyumba, kibao cha barua mkononi, kitambaa cha maabara bado kimefungwa kichwani. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa makini. Subilaga akamtaja jina, akamkabidhi wito. Tusekile aliusoma, akaurudia tena kuanzia juu.

"Mimi?" akasema. "Mimi ndiye chanzo? Hapana, dada. Mimi nimeambiwa. Baba, si ni wewe uliyeniambia? Ulisema umesikia kwa mtu wa Hazina uliyemtengenezea pampu."

Mwasumbi aliendelea kukaza nati.

"Mtu huyo anaitwa nani, mzee?" Subilaga akauliza.

Spana ikateleza. Mwasumbi akanyonya kidole kilichochubuka.

"Baba, mtaje," Tusekile akasema. "Mtaje wamfuate yeye."

"Hayupo."

"Amehama?"

"Hayupo! Hakuna mtu wa Hazina, hakuna pampu. Nilitunga!" Akaitupa spana chini. "Tumekaa mezani, ugali unapoa, wewe unamwandikia mtu ambaye sijaona hata kisigino chake. Barua kabla ya kunawa, barua baada ya kunawa. Jioni hiyo nilikuuliza jambo, ukaitikia 'mm' kama unamjibu mbuzi. Nikatunga neno la kukufanya uinue kichwa. Na ukakiinua! Nani alikutuma ukalitangaze kwa ziwa zima?"

Tusekile hakupiga kelele. Alimtazama baba yake kwa muda, kama mbegu asiyoijua.

"Kwa hiyo nazimwa," alisema, "kwa sababu ulitaka nile ugali."

Akaingia ndani. Wakasikia komeo la chumba chake likishuka.

"Umefurahi?" Mwasumbi akamuuliza Subilaga. "Umepata ulichokuja kukinusa? Basi toka kwenye kiwanja changu kabla sijakutoa."

*

Aliporudi ofisini alimkuta Kapinga ana mgeni. Bi. Skolastika alikuwa naibu katibu wa Hazina, mwanamke mwenye sauti ya upole na kucha zilizokatwa vizuri, na mbele yake kwenye kioo vilikuwa vipimo vya Mbwa.

Subilaga akaeleza alichokisikia: baba alitunga uongo mezani, binti akauamini, akauandika. Hakuna mtu wa Hazina. Alitarajia wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Kaa, dada Subilaga," Bi. Skolastika akasema. "Tazama hapa. Uvumi ulipofika mtaa wowote, watu walikasirika siku chache. Wakalia, wakatukana, wakarusha viazi. Kisha nini kilifuata? Walianza kuandika barua fupi. Wakaunganisha mambo matano katika barua moja. Jirani akaanza kuandika kwa niaba ya majirani. Wamejipanga wenyewe." Akagusa mstari ulioshuka taratibu kwenye kioo. "Kodi nyingine hutuchukua miaka kuwazoesha watu. Hii wameizoea kabla haijakuwepo. Ningekuwa mpumbavu kuiacha."

Subilaga alidhani hakusikia vizuri. "Kuiacha nini?"

"Kodi ya barua pepe itatangazwa Ijumaa," Kapinga akasema. Alikuwa akitazama meza.

"Lakini Alhamisi tunamzima msichana kwa kosa la kusema itakuwepo!"

"Na ndiyo maana hatuwezi kusema alidanganya," Bi. Skolastika akasema kwa subira. "Haiwezekani leo tukamwadhibu mtu kwa uongo, kesho tukautia saini uongo wake. Wala haiwezekani Shirikisho likaonekana limeokota sheria mezani kwa fundi pampu. Kwa hiyo taarifa yako itasema kwamba ilikuwa siri ya serikali, ikavuja. Mtu wa Hazina alimwambia baba, baba akamwambia binti, binti akaiandika."

"Mtu wa Hazina hayupo."

"Atapatikana. Tuna makarani wengi."

Maneno hayo aliyasema kama mtu anayeahidi kuongeza kiti mezani. Subilaga akapiga hesabu. Kosa la uzushi lilikuwa mwaka mmoja. Kuvujisha siri ya serikali kulikuwa kuzimwa maisha. Alimkumbuka yule mwalimu chini ya ukuta, aliyekuwa bado hajamaliza mwaka wake wa kwanza.

"Na nikikataa?"

"Taarifa ya Mbwa inahitaji kiganja cha aliyemwongoza," Kapinga akasema. "Ukikataa, tutampa mwingine amwongoze upya kesho. Sentensi itakuwa ile ile, msichana yule yule. Kitakachobadilika ni wewe tu: kazi huna, nyumba ya Idara huna." Hatimaye akamtazama usoni. "Usijifanye malaika, Subilaga. Umewatia kitanzini wangapi kwa kiganja hicho hicho?"

"Wale walidanganya."

"Una hakika?"

Subilaga alitoka, akakaa ngazini na mikono yake magotini, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi hakuwa na hakika.

*

Mwasumbi hakuwa nyumbani siku iliyofuata. Jirani alimwelekeza Subilaga kwenye mashamba ya viazi nje ya mji, na huko akamkuta mzee akiwa amepiga magoti kwenye matope kando ya kisima, akifunga pampu mpya. Ukungu ulikuwa umetanda mpaka magotini.

"Wewe tena."

"Nisikilize mara moja tu, kisha unifukuze."

Akamweleza yote: Hazina, tangazo la Ijumaa, karani atakayepatikana, kuzimwa maisha. Mwasumbi aliacha kufunga. Matope yalimdondoka vidoleni.

"Maisha," akasema. "Mtoto wangu ana miaka ishirini na minne."

"Sheria ina kifungu kimoja ambacho wakubwa wangu hawakitaji. Aliyedanganywa hahesabiwi mwandishi. Kosa linarudi kwa aliyemdanganya kwa makusudi. Lakini Mbwa hasikii maneno ya mdomo. Halipo popote neno lako ila kichwani mwako na mwa Tusekile, na yeye ni mshitakiwa, hawatamwamini. Lazima ulitamke mwenyewe, barazani, mbele ya watu."

"Nikilitamka?"

"Yeye anatoka. Wewe unazimwa mwaka mmoja."

"Mwaka nitauvumilia. Nimeishi na pampu, pampu haziandiki." Akamkazia macho. "Kuna kingine. Usoni kwako kipo. Kiseme."

Subilaga akakisema. "Watu watajua kwamba kodi watakayoanza kulipa ilitoka kinywani mwako. Kwamba serikali haikuwa na wazo hilo mpaka wewe ulipolitoa. Na kuna mtoto aliyekufa njiani, mzee. Baba yake atakuwa barazani."

Mwasumbi alijifuta matope kwenye suruali. Kunguru walilia mahali fulani ndani ya ukungu.

"Mtoto gani?"

Akamweleza.

"Kwa hiyo mimi nichague," alisema mwisho. "Ama mwanangu azikwe hai, ama kila mwenye sanduku katika Shirikisho zima anichukie mimi na jina langu, na yule mwanamume anitazame. Mimi nichague. Na wewe, bibi, umechagua nini? Mbwa ni wako. Ulipoiona sentensi ya mwanangu ungeweza kuifuta, ukasema mtambo haukupata kitu. Ulifikiria hilo?"

"Sikulifikiria."

"Hukulifikiria. Uliiona, ukaikimbilia na karatasi ya wito. Sasa unakuja kunifundisha ujasiri." Akasimama, akavuta kamba ya injini. "Ondoka!"

Pampu ikanguruma. Subilaga alisema neno jingine, lakini hata mwenyewe hakulisikia. Maji yalipasuka kutoka bombani yakamlowesha miguu, na Mwasumbi akamgeuzia mgongo.

Njia nzima ya kurudi alilipima jambo hilo. Angeweza kusimama barazani na kumtaja mzee yeye mwenyewe. Ukweli ungekuwa umesemwa. Lakini ungekuwa ukweli wa kumtupa mtu mbele ya fisi bila idhini yake, na pengine usingemwokoa msichana, kwa kuwa sheria ilitaka kinywa cha mwenye kosa. Na angeweza kunyamaza, akaweka kiganja chake, akabaki na nyumba. Kila alipofika hapo alimwona Tusekile akiushika ule wito kwa vidole viwili, akiusoma upya.

*

Alhamisi ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka milangoni. Sheria ilitaka chanzo cha uvumi kitangazwe kwa mdomo, watu wakiwepo kwa miili yao, na watu walikuwa wamekuja kwa miili na kwa ghadhabu. Tusekile aliketi kwenye benchi la washitakiwa, mgongo wima. Hakuna aliyekuwa ameketi karibu naye. Mwanamke mmoja alipopita mbele yake alimtemea mate miguuni, na askari wa mlangoni alitazama pembeni.

Mwasumbi alikuwa safu ya nyuma kabisa, kofia mkononi. Binti yake hakugeuka kumtazama hata mara moja.

Mwenyekiti wa Baraza akamwita mchunguzi. Subilaga akapanda jukwaani. Taarifa ilikuwa imeshaandikwa, na pembeni yake kioo cha kupokea kiganja kilikuwa kikiwaka. Akaanza kusoma. Jina la mtambo. Idadi ya barua zilizochunguzwa. Jina la mwandishi wa kwanza. Ukumbi ulinguruma lilipotajwa. Akafika kwenye mstari unaosema *siri ya serikali iliyovuja kutoka Hazina*, akaacha kusoma.

"Endelea," Kapinga akanong'ona kutoka kiti cha nyuma yake.

Subilaga akaiweka taarifa chini.

"Hayo yanayofuata si kweli," akasema. "Hakuna siri iliyovuja, kwa sababu hapakuwa na siri. Neno hili lilianza mezani, nyumbani kwa watu, na lilikuwa uongo. Hazina haikuwa na kodi hii. Imeichukua baada ya Mbwa kuwaonyesha kwamba mmelia kisha mmezoea. Kesho wataitangaza."

Ukumbi ukalipuka. Watu walipanda juu ya viti. Bi. Skolastika hakusogea, ila alifumba macho kidogo kama mtu aliyepigwa na vumbi. Mwenyekiti aligonga meza mpaka mpini wa nyundo ukapasuka.

"Mezani kwa nani?" akauliza sauti zilipotulia. "Taja, mchunguzi. Mezani kwa nani?"

Subilaga akainua macho hadi safu ya nyuma. Jina lilikuwa ulimini. Wote walimngoja.

"Hilo si langu kulisema," akajibu.

"Basi kosa linabaki kwa aliyeandika."

"Kwangu!"

Vichwa vikageuka. Mwasumbi alikuwa amesimama. Kofia aliyokuwa ameishika ilikuwa imekunjwa mpaka ikawa kama kitambaa cha kupangusia mafuta.

"Mezani kwangu," akasema. "Mimi ni Anyosisye Mwasumbi, fundi pampu, baba wa huyo msichana. Alikuwa anamwandikia mwanamume usiku na mchana, nikachukia. Nikamdanganya kwamba serikali itatoza kodi kila barua, ili apunguze. Nikamwambia nimesikia kwa mtu wa Hazina. Sijui mtu yeyote wa Hazina. Aliniamini kwa sababu mimi ni baba yake. Amekosa nini hapo?"

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kikasambaa, kikajaza ukumbi: kodi ya Shirikisho, imetungwa na baba mwenye wivu mbele ya sahani ya ugali! Hata baadhi ya wajumbe wa Baraza walificha midomo. Lakini kicheko hicho hakikudumu. Katikati ya ukumbi mwanamume mwembamba alikuwa amesimama, mikono ikining'inia.

"Mke wangu alijifungulia barabarani," akasema. "Nilikuwa na kibao mkononi. Sikuandika. Niliogopa kodi yako."

Mwasumbi akamgeukia.

"Sina la kukuambia, baba," alisema. "Kama ningekuwa nalo ningekupa."

Mwanamume yule akaketi na kujifunika uso. Na hapo ndipo matusi yalipoanza, kutoka pande zote, mazito, ya kumtaja mama na ukoo na kaburi. *Wewe ndiye uliyewapa wazo. Mdomo wako unuke.* Mwasumbi aliyapokea akiwa amesimama.

Mwenyekiti alitoa uamuzi haraka, kama mtu anayetaka kufika nyumbani. Msichana aachiwe. Baba azimwe mwaka mmoja kuanzia saa hiyo. Mchunguzi avuliwe kazi kwa kukaidi taarifa rasmi. Kisha Bi. Skolastika akasimama, akangoja ukumbi utulie, na sauti yake haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Wazo limetoka wapi si hoja," akasema. "Hoja ni mahitaji ya Hazina. Tangazo la kesho liko pale pale."

*

Wajumbe walitoka kwa mlango wa nyuma. Subilaga alipouelekea, Kapinga alimzuia kwa kiganja kifuani.

"Huu ni wa watumishi," akasema.

Akarudi ukumbini. Mwasumbi na binti yake walikuwa wamesimama karibu na mlango mkuu, hatua kadhaa kati yao, wala hawaongei. Nje umati ulikuwa ukingoja. Sauti yake ilisikika kama mvua kubwa juu ya bati.

"Usitarajie nikushukuru," Tusekile akamwambia Subilaga.

"Sitarajii."

"Vizuri."

Wakatoka. Mwanga wa mchana uliwapiga usoni, kisha mate, kisha udongo. Askari walikuwepo, lakini walikuwa wanatazama buti zao. Jiwe la kwanza lilimpata Mwasumbi juu ya jicho. Alipepesuka, akashika paji la uso, damu ikapita katikati ya vidole. Akabaki amesimama hapo ngazini, ameinamisha kichwa, kama aliyeamua kwamba hapo ndipo pake.

Tusekile alipanda ngazi mbili alizokuwa amemtangulia, akamshika mkono.

"Sijakusamehe," alimwambia, kwa sauti ambayo Subilaga aliisikia vizuri. "Nitakapokusamehe utajua. Sasa tembea."

Akamvuta. Subilaga akaenda upande wa pili wa mzee, na jiwe lililofuata likampata yeye kwenye kiwiko. Walishuka ngazi wakiwa watatu. Umati haukuwapisha, ila haukuwazuia pia. Ilibidi wapite wakisukumana na mabega ya watu wanaowachukia.

Kijana mmoja mwenye jiwe mkononi akamsimamia Subilaga njiani. "Wewe uliyesema mle ndani. Ni kweli Hazina haikuwa na wazo hili?"

"Haikuwa nalo."

"Na sasa wanajua lilikuwa uongo wa mzee huyu tu."

"Wanajua."

"Na bado wanaiweka."

"Kesho asubuhi."

Kijana alimtazama Mwasumbi, damu ikimchuruzika shavuni. Akalipima jiwe kiganjani. Kisha akawapita, akaelekea ulikokuwa mlango wa Baraza, na wengine waliokuwa karibu naye wakageuka kutazama anakokwenda. Si wote. Wengine waliendelea kumtupia mzee udongo na matusi hadi barabarani. Lakini nyuma yao kitu kikubwa cha kioo kilivunjika, na ukelele uliofuata haukuwa umeelekezwa kwake.

Mwasumbi alitaka kugeuka.

"Usitazame huko, Baba," Tusekile akasema. "Twende nyumbani."

Kwenye barabara ya changarawe majirani walikuwa wamefunga madirisha. Kibanda cha pampu kilikuwa kimemwagiwa mavi ya ng'ombe mlangoni. Mwasumbi alipoyaona alimwegemea binti yake, na Tusekile akabadili mkono ili ambebee uzito vizuri zaidi. Subilaga alisimama kwenye kona, hakuona haja ya kwenda mbali zaidi. Aliwaangalia wakifika mlangoni. Mlango ulikataa kumfungukia mzee, kwa kuwa sanduku lake lilikuwa limeshazimwa. Akabaki ameweka kiganja chake kwenye kitasa, anangoja.

Tusekile aliuondoa mkono wa baba yake taratibu, akaweka wake. Mlango ukafunguka. Akamtanguliza yeye ndani, akafuata, akaufunga.